Uhakiki wa Maazimio ya Milan juu ya Elimu ya Viziwi

Kati ya tarehe 6 na 11 Septemba, 1880, walimu wa viziwi kutoka nchi kadhaa za Ulaya na kutoka Marekani walikutana katika mji wa Milan, Italia, kuamua jambo lililokuwa limewagawa kwa muda wa karne nzima: mtoto asiyesikia afundishwe kwa njia gani. Wajumbe walikuwa 164. Zaidi ya nusu yao walikuwa Waitalia, na waliofuata kwa wingi walikuwa Wafaransa. Kiziwi aliyekuwa mjumbe ni mmoja tu, James Denison wa Marekani. Azimio la kwanza lilipita kwa kura 160 dhidi ya 4. Lilisema kwamba usemi unazishinda ishara pasipo shaka katika kumrudisha kiziwi kwenye jamii ya watu na katika kumpa ujuzi kamili zaidi wa lugha. Kwa hiyo njia ya usemi yapasa kutangulizwa. Azimio la pili lilikwenda mbele zaidi. Kutumia usemi na ishara kwa pamoja, lilisema, hudhuru matamshi, hudhuru usomaji wa midomo, na hudhuru usahihi wa mawazo. Basi njia iliyo safi, yaani ya usemi mtupu, ndiyo itumike.

Maazimio haya yamelaumiwa sana, na aghalabu kwa upande wa utu: mikono ya watoto iliyokatazwa kunena, walimu viziwi waliotolewa katika kazi zao. Lawama hizo ni za haki, wala hazihitaji kurudiwa kwa urefu. Walakini upo upande mwingine unaowahusu wachunguzi wa lugha kuliko watu wengine wote. Milan ilikuwa kosa la elimu ya lugha kabla ya kuwa kosa la ualimu. Tena kosa lenyewe halikuwa la kundi lililoshinda peke yake. Watetezi wakuu wa ishara, tangu karne ya 18, walikuwa wamekwisha kulikubali nusu yake. Na kwa kuwa walilikubali nusu, hawakuwa na silaha ya kulipinga lilipowajia zima. Jambo hili lina uzito hata leo, kwa sababu nusu ile ingali hai katika madarasa ya Afrika Mashariki.

Azimio la kwanza linatumia maneno mawili, usemi na lugha, kwa namna ambayo la kwanza linalimeza la pili. Halisemi kwamba usemi ni njia mojawapo ya kuifikia lugha. Linasema kwamba asiye na usemi ana upungufu wa lugha yenyewe. Hapo ndipo penye shina la hoja yote. Usemi ni kazi ya mapafu, koo, ulimi na midomo. Lugha ni utaratibu wa kuunda maana kwa vipande vilivyopangwa kwa kanuni, nao waweza kutoka kinywani au mkononi, ukapokewa na sikio au na jicho. Kiumbe aweza kuwa na usemi pasipo lugha, kama kasuku. Na mtu aweza kuwa na lugha pasipo usemi.

Msomaji wa Kiswahili asiwacheke upesi watu wa Milan, maana lugha yake nayo haikusalimika. Neno bubu, ambalo kwa haki ni la mtu asiyeweza kutoa sauti ya maneno, limezoea kumwangukia kiziwi, kana kwamba kutosikia na kutosema ni maradhi mamoja. Koo la kiziwi aghalabu ni zima kabisa. Linalokosekana ni mfano wa kuigwa. Viziwi wenyewe hulichukia neno hilo, na wana sababu. Anayeitwa bubu amekwisha kuhukumiwa kwamba hana la kusema.

Liko neno jingine linalohitaji kupimwa. Nchini Kenya lugha ya viziwi huitwa lugha ishara au lugha ya ishara. Nchini Tanzania huitwa lugha ya alama. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyapa kazi mbalimbali. Mtu hupiga ishara akiwa mbali, au akiwa hataki kusikiwa na jirani. Nyuma ya ishara yamo maneno ambayo yangesemwa laiti ingewezekana. Alama husimama yenyewe, na maana yake imewekwa kwa mapatano: alama ya mpaka wa shamba, alama ya mwenye ng'ombe, alama ya swali. Wakenya hulitumia neno lao kwa heshima kamili, na jina likishazoeleka halina budi kuachwa. Hata hivyo chaguo la Tanzania lina bahati nzuri zaidi, kwa kuwa kosa la Milan laweza kuelezwa kwa maneno hayo mawili: waliona alama wakadhani ni ishara. Katika makala haya neno ishara litashika mahali pa lile walilolidhani, na neno alama mahali pa lile lililokuwapo.

Kabla ya karne ya 18 elimu ya viziwi barani Ulaya ilikuwa jambo la nyumba za wakubwa. Mtawa wa Hispania, Pedro Ponce de León, aliwafundisha watoto viziwi wa makabaila katika karne ya 16, na sifa yake ilikuwa kwamba waliweza kutamka. Padri Charles-Michel de l'Épée, aliyefungua shule yake mjini Paris yapata 1760, aliitoa elimu hiyo majumbani akaifanya ya umma. Alipokea watoto wa maskini, akafundisha mbele ya wageni, na kitabu chake cha 1776 kilieneza sifa za njia yake Ulaya nzima. Heshima hiyo haiondoki kwake. Lakini njia yake yapasa kusomwa kwa jicho kali kuliko ilivyo desturi ya wanaomsifu.

De l'Épée aliwakuta viziwi wa Paris wakisemezana kwa mikono. Aliyachukua maneno yao. Sarufi yao hakuichukua, maana hakudhani kwamba wanayo. Mahali pake akatunga zile alizoziita ishara za utaratibu: ishara ya jinsi ya kiume na ya jinsi ya kike, ishara za nyakati za kitenzi, ishara za vibainishi, na zote akazipanga kwa mfuatano wa Kifaransa. Neno moja la Kifaransa lenye maana ya kitu kisichofahamika lilivunjwa likawa ishara tano. Kwa njia hiyo mwanafunzi aliweza kuandika kwa imla sentensi ndefu za Kifaransa pasipo kosa, na wageni wakashangilia. Kama aliyeandika alifahamu alichoandika, ni jambo jingine. De l'Épée mwenyewe alimwandikia Sicard, aliyekuja kuwa mrithi wake, asitumaini kwamba wanafunzi watafika kueleza mawazo yao wenyewe kwa maandishi. Ingetosha wakiweza kugeuza mawazo ya wasikiao. Ni maneno mazito kutoka kwa mwalimu mwema. Aliitetea mikono, lakini kwa sharti kwamba mikono iseme Kifaransa.

Ajabu ni kwamba jibu lilikwisha kuchapishwa wakati ule ule, tena na kiziwi. Mwaka 1779 Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu mjini Paris aliyepoteza usikivu utotoni kwa ugonjwa wa ndui, alitoa kitabu kidogo cha kuitetea lugha ya wenzake dhidi ya padri mwingine, Deschamps, aliyeipendelea njia ya usemi. Desloges alieleza kwamba viziwi wa mji ule, wengi wao watu wa kazi za mikono wasiojua kusoma, huzungumza habari zote za dunia kwa lugha waliyoirithi wao kwa wao, si kwa mwalimu yeyote. Kama kitabu hicho kingesomwa kama ushahidi wa mjuzi wa lugha yake, historia ingechukua njia nyingine. Kilisomwa kama kioja.

Upande wa pili alisimama Samuel Heinicke, aliyefungua shule mjini Leipzig mwaka 1778. Huyu alishikilia kwamba fikira yenyewe haiwezekani pasipo sauti ya usemi, na kwa kuwa sikio la mwanafunzi limefungwa, akatafuta mlango mwingine ulimini: kila irabu akaifungamanisha na ladha, siki kali kwa i, maji ya sukari kwa o. Mtu anaweza kutabasamu, lakini Heinicke alikuwa mwaminifu kwa imani yake kuliko wengi waliomfuata. Aliona kwamba mtoto lazima apewe kitu cha hisi mahali pa sauti. Yeye na de l'Épée waliandikiana kwa ukali, na mwaka 1783 wanazuoni wa Zurich, walioombwa kuamua, walimpa haki de l'Épée. Ushindi ule ulikuwa wa juu juu. Mabwana hawa wawili waligombana juu ya chombo, wakapatana juu ya jambo kubwa zaidi, kwamba lugha inayostahili jina hilo ni ile ya wasikiao. Mmoja alitaka kuitia kinywani, mwingine mikononi.

Waliotambua mambo kwa usahihi hawakukosekana. Roch-Ambroise Bébian, mwalimu asikiaye wa Paris, aliziacha ishara za utaratibu na kutaka viziwi wafundishwe kwa alama zao wenyewe. Mwaka 1825 alitoa kitabu cha kuziandika alama kwa kuzichambua umbo la mkono, mwendo na mahali. Laurent Clerc, kiziwi aliyesoma na kufundisha Paris, alivuka bahari pamoja na Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka 1817 wakafungua shule mjini Hartford, Marekani. Kutoka hapo lugha ya alama ilienea shule hata shule, na mwaka 1864 chuo cha viziwi cha Washington kilipewa idhini ya kutoa shahada. Basi watu wa Milan hawakukosa ushahidi kwamba kiziwi aweza kufika mwisho wa elimu kwa mikono yake. Walikuwa nao ukumbini.

Rais wa mkutano, Padri Giulio Tarra, mwalimu wa Milan, ndiye aliyeipa hoja ya usemi falsafa yake. Kwa muhtasari alidai kwamba ishara huamsha hisia na kuchora picha tu, hali usemi huifikia akili na kuinua mawazo ya mambo yasiyoonekana. Hoja hii ndiyo iliyozaa kifungu cha usahihi wa mawazo katika azimio la pili, nayo haisimami hata mbele ya swali dogo. Maandishi ni nini? Ni michoro isiyo na sauti, inayopokewa kwa jicho. Wala hakuna mjumbe hata mmoja aliyesema kwamba kitabu hudhuru usahihi wa mawazo. Ikiwa wino waweza kubeba mambo yasiyoonekana, kwa nini mkono usiweze? Angesema Tarra kwamba maandishi ni kivuli cha usemi. Basi ubora wa usemi, uliokuwa ukithibitishwa, umekwisha kuwekwa ndani ya uthibitisho wenyewe.

Ushahidi ulioletwa ulikuwa wanafunzi wa shule za Milan, waliosimamishwa mbele ya wageni wakaulizwa na kujibu kwa sauti. Baadhi ya wajumbe wa Marekani walitia shaka, wakataka kujua ni wangapi kati yao waliokuwa wamewahi kusikia kabla ya kuwa viziwi. Swali lilikuwa la maana kuliko yote yaliyoulizwa katika siku zile, maana linatenga watu wawili ambao azimio liliwachanganya: aliyepoteza usikivu akiwa amekwisha kuijua lugha, na aliyezaliwa asisikie. Wa kwanza ana lugha anayohitaji kuitunza. Wa pili anahitaji kuipata.

Tofauti hiyo yaweza kupimwa kwa Kiswahili chenyewe, na kipimo kina faida kwamba msomaji aweza kukifanya peke yake mbele ya kioo. Atamke pasipo sauti maneno papa, baba na mama. Midomo hufumba mara mbili na kufumbuka mara mbili katika yote matatu. Tofauti ya p na b imo kooni, tofauti ya b na m imo puani, na koo wala pua havionekani. Kwa jicho tupu mtoto hampambanui baba yake na mama yake, wala hawapambanui hao wawili na samaki wa baharini. Sauti f na v ni hali kadhalika, zote zaumbwa kwa meno ya juu na mdomo wa chini. Mzazi akisema fua nguo, au akisema vua nguo, kinywa ni kile kile, na muktadha hausaidii, maana nguo zimo katika amri zote mbili. Sauti k na g hufanyika nyuma kabisa ya kinywa. Pika na piga hazitofautiki.

Maneno moja moja, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya taabu. Kiswahili huweka sarufi yake katika silabi fupi za mwanzo na za katikati ya kitenzi. Sauti t, d na n zote huumbwa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno. Kwa hiyo -na- ya wakati uliopo na -ta- ya wakati ujao hazipambanuki kwa jicho. Anakuja na atakuja ni umbo moja. Matokeo yake ni kwamba sentensi Baba anakuja na sentensi Mama atakuja, kwa msomaji wa midomo, ni sentensi moja: hajui nani, wala hajui lini. Nafsi nazo hufichika. Katika alikupa na alitupa midomo huviringana kwa ajili ya irabu u na kuuziba ulimi uliomo ndani, na mtoto habaini kama aliyepewa ni yeye au ni jamaa nzima.

Itajibiwa kwamba Kiswahili ni chepesi kuliko Kiingereza kwa kazi hii, kwa kuwa kina irabu tano zilizo wazi na silabi zake aghalabu huishia kwa irabu. Ni kweli kwamba irabu huonekana vizuri. Lakini viambishi vya ngeli hushirikiana irabu zile zile, na mzigo wa kupambanua umewekwa juu ya konsonanti: ki-, li- na ni- zina irabu moja, na konsonanti zake zimo ndani ya kinywa. Uzuri wa lugha kwa sikio si uzuri wake kwa jicho.

Mtu mzima aliyekuwa akisikia hujaza mapengo haya kwa ujuzi wake wa lugha, na huyajaza kwa werevu wa kustaajabisha. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana cha kujazia. Anatakiwa aijue lugha ili aweze kusoma midomo, na asome midomo ili aijue lugha. Njia ya usemi mtupu ilimweka mtoto katika mzunguko huu, kisha ikampa lawama ya kushindwa kutoka.

Yaliyofuata yanajulikana. Shule za Ulaya, na nyingi za Marekani, zilizikataza alama madarasani. Walimu viziwi walipungua sana, kwa sababu mwalimu asiyesikia hawezi kusahihisha matamshi. Na saa za masomo ziliingia katika kazi ya kutengeneza silabi. Watoto wakaendelea kusemezana kwa alama mabwenini na uwanjani, mbali na macho ya wakubwa. Mwaka 1979 mchunguzi R. Conrad alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya wanafunzi viziwi wa Uingereza waliokuwa wakimaliza shule wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 16. Kiwango chao cha kati cha kusoma kilikuwa sawa na cha mtoto asikiaye wa miaka 9. Njia iliyoahidi ujuzi kamili zaidi wa lugha ilikuwa imepewa muda wa karne moja kuonyesha ahadi yake.

Ubatilisho wa kielimu ulitoka chuo kile kile cha Washington. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza aliyeingia katika isimu kwa kuwatazama wanafunzi wake, alionyesha kwamba alama huvunjika katika vipande visivyo na maana vyenyewe, yaani umbo la mkono, mahali na mwendo, na kwamba kubadili kipande kimoja hubadili maana, kama kubadili p kuwa b kunavyogeuza pata kuwa bata. Kwa ugunduzi huo alama ilitoka katika daraja ya ishara. Wenzake wengi, viziwi miongoni mwao, hawakumwamini kwanza. Ndivyo mafundisho ya Milan yalivyokuwa yameingia ndani.

Mfano wa Nikaragua ulikuja kuongeza uthibitisho wa namna nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto viziwi, waliokuwa wakiishi kila mmoja kwao, walikusanywa katika shule za Managua ili wafundishwe Kihispania kwa kusoma midomo na kwa herufi za vidole. Somo halikuwaingia. Katika mabasi na viwanja vya shule walianza kuunganisha ishara za majumbani mwao, na watoto wadogo waliowakuta wakubwa wakaziongezea kanuni ambazo wakubwa hawakuwa nazo. Wachunguzi waliofika baadaye walikuta lugha mpya. Mwalimu alikuja kufundisha lugha kwa wasio nayo, na waliofanya kazi hiyo ni wanafunzi, tena wadogo kuliko wote.

Afrika Mashariki iliipokea Milan ikiwa imechelewa. Shule za kwanza za viziwi zilianzishwa wakati njia ya usemi bado ikitawala kwa walimu waliotoka Ulaya: nchini Kenya shule za Mumias na Nyang'oma mwaka 1961, na Tanganyika shule ya Tabora mwaka 1963. Kitabu cha Stokoe kilikuwa kimetoka, lakini kitabu hakisafiri upesi kama desturi. Andrew Foster, kiziwi mweusi wa Marekani aliyehitimu Washington mwaka 1954, alifungua shule mjini Accra mwaka 1957 akifundisha kwa alama, na kazi yake ikaenea katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, mpaka alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Kwake kiziwi mwalimu lilikuwa jambo la kawaida. Alama alizozileta, ni kweli, zilikuwa za Marekani. Hilo nalo lina hesabu yake, ingawa ni hesabu ndogo kuliko ya mkono uliofungwa.

Tangu miaka ya 1980 shule za sehemu hizi zimeelekea kwenye ile inayoitwa njia ya mawasiliano kamili: usemi, alama, herufi za vidole na maandishi, vyote kwa pamoja. Wengi wameipokea kama mwisho wa Milan. Ukiitazama kwa makini darasani, utaona mara nyingi mwalimu asikiaye anasema Kiswahili kwa kinywa na kuweka alama kwa kila neno analolisema, kwa mfuatano wa Kiswahili. Huko Kenya mfano uliofuatwa ni wa Kiingereza, alama zikatungwa hata kwa miisho ya maneno. De l'Épée angeyatambua mambo haya mara moja. Ni ishara zake za utaratibu, zimebadili kofia.

Kiswahili chaonyesha udhaifu wa njia hiyo kuliko lugha nyingi. Katika neno nimekupa mna mtendaji, wakati, mtendewa na shina la kitenzi. Mwalimu akitaka kuliweka mkononi kipande kwa kipande, atahitaji alama nne kwa neno moja, na sentensi itachoka kabla ya kufika. Kwa hiyo huziacha. Hutoa alama ya kupa peke yake, kinywa kikitamka vingine, na mtoto aliye kiziwi hupata mzizi usio na nafsi wala wakati: Kiswahili kilichonyofolewa sarufi. Lugha ya alama ina namna yake ya kusema jambo hilo hilo. Katika lugha nyingi za alama zilizochunguzwa, kitenzi cha kupa huanza kwa mtoaji na kuishia kwa mpokeaji, na mwendo mmoja wa mkono hubeba mtendaji na mtendewa pamoja. Mswahili hana sababu ya kuliona jambo hili geni, kwa kuwa kitenzi chake mwenyewe huwabeba wote wawili tumboni. Hazina mfanano wa umbo, lakini zina mfanano wa tabia. Na mwalimu anayeivunja alama ili ifuate maneno huharibu lugha mbili kwa wakati mmoja.

Hapa haisemwi kwamba kiziwi asifundishwe Kiswahili. Afundishwe, na akijue kwa kusoma na kuandika kama ajuavyo mtu lugha ya pili, kwa kupitia lugha aliyonayo. Wala matamshi hayapigwi marufuku. Kwa anayeyaweza ni somo lenye manufaa. Siku hizi kuna pia vifaa vya kupandikizwa katika sikio la ndani, vinavyowasaidia watoto wengi wanaovipata mapema. Lakini hapo Milan yarudi ikiwa imevaa joho la udaktari: baadhi ya wazazi huambiwa wamnyime mtoto alama ili asikio lake jipya lisipate uvivu. Ni azimio la pili neno kwa neno, na miaka ya kwanza ya mtoto, ambayo lugha haisubiri ipite, hutumika katika kungoja.

Sheria imetangulia mbele ya shule. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka lugha ya alama ya viziwi iendelezwe. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mwaka huo huo wa 2010, mjini Vancouver, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, mrithi wa ule wa Milan, uliyakataa maazimio ya 1880 na kusikitika kwa madhara yake. Nchini Tanzania, Chama cha Viziwi kimefanya kazi kubwa ya kukusanya alama, ambazo zilitofautiana shule na shule, na H. R. T. Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania mwaka 2004.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili kazi iliyobaki ipo hasa katika maelezo ya sarufi, na katika mpango wa kamusi zijazo. Kamusi ya alama iliyopangwa kwa alfabeti ya Kiswahili humtumikia anayelijua neno na kuitafuta alama yake, humfaa mwalimu. Kiziwi aliyeona alama asiyoijua hana mlango wa kuingilia. Bébian mwaka 1825, na Stokoe na wenzake katika kamusi yao ya 1965, walizipanga alama kwa sehemu zake zenyewe, yaani umbo la mkono, mahali na mwendo, kama vile maneno ya Kiswahili yapangwavyo kwa herufi zake. Kamusi ya namna hiyo ingeanza na mkono, na Kiswahili kingekuja katika safu ya maelezo.